Mkate wa Vipande Sitini

Tatu binti Makame alikuwa mpishi wa mikate ya sinia, na kwa miaka thelathini hakuna arusi mtaani kwao iliyokamilika bila mkono wake. Jinsi alivyofika nchi ya Vipandeni nimeisikia mara kadhaa kutoka kinywani mwake, na kila mara njia ilikuwa nyingine, kwa hiyo naiacha. Naanzia pale alipofika langoni, asubuhi ya jua kali, sinia lake kichwani, akamkuta karani ameketi nyuma ya meza na daftari.

Karani huyo aliitwa Pandu. Alikuwa mtu mnene mwenye mashavu ya kung'aa, na kila alipozungumza aliyafunika kwa kiganja kama mtu mwenye jino bovu. Alimwuliza mgeni jina lake. Aliposikia jibu, kalamu ilisita.

"Tatu tu?" aliuliza kwa upole. "Hakuna kitu mbele yake? Hata Kumi na Tatu?"

Tatu akasema ndilo jina alilopewa na mama yake, maana alikuwa mtoto wa tatu, na hajawahi kulionea haya. Pandu aliandika, akatikisa kichwa, kisha akamweleza kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba. Katika nchi ya Vipandeni, alisema, kila mtu huokewa mkate mmoja kwa siku, na masinia yote ya nchi yamefuliwa kwa kipimo kimoja ili pasiwe na upendeleo. Mkate huo hukatwa vipande kulingana na daraja la mwenyewe, naye hupewa kipande kimoja. Mtu wa Nne hukatiwa mkate wake vipande vinne, mtu wa Kumi vipande kumi, mtu wa Arubaini vipande arubaini. Namba ikiwa kubwa, mtu ni mkubwa. Chini kabisa wako watu wa Mbili, yaani wafungwa na wasafisha mitaro, ambao aibu yao ni kula nusu mkate kila siku ya Mungu. Mgeni, kwa sababu ya jina lake, angekuwa ngazi moja tu juu ya hao.

"Kwa hiyo mimi nitakula theluthi," alisema Tatu.

"Vumilia," alisema Pandu. "Mimi mwenyewe ni wa Nne. Nina miaka kumi na mbili hapa langoni na bado nala robo. Lakini mwezi ujao, Mungu akipenda, napandishwa kuwa wa Sita." Akajishika tumbo, na Tatu hakuweza kutambua kama ni kwa furaha au kwa hofu.

Alipewa chumba nyumbani kwa Pandu, na kwa siku nne za mwanzo alitembea mjini akiangalia. Aliona mambo ambayo hakuyatarajia. Wafungwa walikuwa watu wa vifua vipana, wakichimba mitaro huku wakiimba, na akina mama waliokuwa wakipita waliwafunika watoto macho wasije wakavutiwa. Waheshimiwa wa Thelathini na wa Arubaini walitembea kwa kushikana mabega, wanne wanne. Kila mmoja alikuwa na mawe mawili mfukoni, moja kila upande, kwa ajili ya upepo. Siku ya pili ya ziara yake kikao cha Baraza kiliahirishwa kwa sababu ya upepo wa kaskazi, na mjumbe mmoja aliyekuwa amesahau mawe yake alikutwa ameukumbatia mlingoti wa bendera. Watu walimpita kwa heshima na kumwamkia.

Tatu aliuliza mambo yale ambayo mpishi yeyote angeuliza. Ikiwa mkate wa mheshimiwa hukatwa vipande arubaini naye akala kimoja, vile thelathini na tisa huenda wapi? Mke wa Pandu alidondosha mwiko. Pandu alimjibu kwa kunong'ona kwamba vile ni mabaki, na mabaki hayatajwi mbele ya watu. Hupelekwa Ghala la Taifa kila adhuhuri, na funguo za Ghala ziko kwa Waziri Mshangama, ambaye amejitwisha mzigo huo kwa uzalendo.

Tatu alimwona Waziri Mshangama siku ya tano. Alikuwa mtu wa Hamsini, lakini alikuwa na shingo nene na tumbo lililotangulia mbele yake kama mjumbe wa arusi. Watu wa Vipandeni hawakuona ajabu. Walisema ule ni uvimbe wa heshima, ugonjwa unaowapata watumishi waliojitolea sana, na walimpa pole kila alipopita.

Waziri alikuwa na shida. Siku ya Ijumaa Malkia Mwanakheri alipaswa kupandishwa kutoka daraja la Sitini hadi daraja la Mia, na mkataji wa ikulu, mtu wa Thelathini, alikuwa amezimia juu ya kisu. Habari kwamba mgeni ni hodari wa mikate zilikuwa zimemfikia. Akamtaka aende ikulu, aoke mkate wa sherehe, na aukate vipande mia vilivyo sawa, kwa ukali wa sheria.

Jioni hiyo Pandu alimweleza Tatu jambo ambalo hakuliandika kwenye daftari. Sultani aliyetangulia, baba yake Malkia, alifikishwa daraja la Mia Mbili. Alikaa nalo wiki tatu. Alizikwa kwa ngoma siku nne, na kwenye kaburi lake wakaandika kwamba alikufa kwa ukubwa.

*

Malkia Mwanakheri alikuwa na miaka ishirini na minne. Tatu alimkuta amelazwa kwenye mito, mikono yake myembamba kama vijiti vya mishikaki, na macho makubwa yaliyomfuata mgeni kila alipogeuka. Wafungwa wawili walisimama mlangoni, maana ndio waliombeba, kwa kuwa hakuna mtu wa daraja la heshima aliyeweza kuinua hata mto wake.

Aliwaamuru wafungwa watoke nje. Kisha akamwomba mgeni asogee karibu.

"Bi Tatu, nimeambiwa wewe unakula theluthi," alisema. "Usione haya. Nataka kujua tu, ina ladha gani?"

Tatu alisema ina ladha ya mchele, tui na hiliki, na kwamba sehemu nzuri ni pale chini, ambapo sukari imeungua kidogo na kung'ang'ania sinia. Malkia alifumba macho. Alisema yeye amefundishwa tangu utotoni kwamba vipande vya watu wadogo ni vichungu, na ile njaa anayoisikia ni njaa ya utukufu, ambayo huongezeka kadiri mtu anavyopanda. Aliamini hivyo. Lakini siku hizi, alisema, akiinua kichwa ukuta hucheza, na Ijumaa inakuja.

Tatu alikuwa amezaa watoto sita na kulea wengine ambao si wake. Alisahau kwamba anazungumza na Malkia.

"Mwanangu," alisema, "chukua kisu."

Akaweka mbele yake sinia la mkate wa majaribio aliotoka kuuoka jikoni mwa ikulu, ungali moto. Akamwomba aukate katikati. Malkia aliukata. Tatu akamwuliza ana vipande vingapi, naye akajibu viwili. Akamwomba akate tena, mkato wa msalaba, vikawa vinne. Akamwomba akate kila kimoja nusu yake, vikawa vinane. Malkia aliacha kisu. Alitazama kipande kimoja cha mwisho, kisha akaweka kiganja pale ambapo nusu ya kwanza ilikuwa imekaa, kana kwamba anapima nguo.

"Hesabu imepanda mara nne," alisema polepole, "na mkate haukuongezeka."

"Mkate ni uleule," alisema Tatu. "Ukiugawa mara nyingi, kila kipande kinapungua. Theluthi yangu ni kubwa kuliko kipande chako cha sitini. Ningekupa yangu ungekula siku ishirini kwa daraja lako."

Malkia alianza kucheka. Kilikuwa kicheko chembamba, cha mtu aliyepoteza mazoea, na kilimchosha mpaka machozi yakamtoka, lakini hakuweza kukizuia. Alikuwa bado anacheka Waziri Mshangama alipoingia, amesikia kila neno mlangoni.

*

Kesi ilisikilizwa asubuhi ya Alhamisi mbele ya Baraza zima. Kosa liliandikwa hivi: kudai kwamba kidogo ni kikubwa. Wajumbe hamsini walikaa kwa madaraja, mawe mfukoni, na madirisha yakafungwa kwa tahadhari. Malkia aliletwa na wafungwa wake akawekwa kwenye kiti. Pandu aliitwa kuandika.

Waziri alizungumza kwa utulivu na watu walimpenda. Alisema mgeni ni mpishi, si mtu wa elimu. Aliwauliza wajumbe kama wangependa ng'ombe watatu au ng'ombe sitini. Wakasema sitini. Aliwauliza kama mtoto wa miaka mitatu anamzidi mzee wa miaka sitini. Wakacheka, na wawili wakashikiliwa wasianguke. Basi, alisema, sitini imezidi tatu kwa ng'ombe na kwa miaka, na haiwezi kugeuka ikifika kwenye mkate.

Tatu aliomba aletewe mikate miwili, mmoja ukatwe tatu na mwingine sitini, iwekwe pamoja. Baraza likaguna. Katibu akasoma sheria kongwe ya nchi: ni marufuku kuweka mikate miwili mbele ya jicho moja, kwa kuwa kulinganisha huzaa husuda.

Ndipo Waziri akataja adhabu. Kumfunga mgeni, alisema, kungekuwa kumwongezea aibu mtu ambaye hana haya. Baraza limfanyie wema badala yake. Limpandishe leo hii hadi daraja la Elfu, kwa ngoma, na aishi kwa heshima hiyo siku zote zilizobaki za maisha yake. Wajumbe walipiga makofi, wengine kwa wivu. Tatu alimtazama Waziri, na Waziri akamtazama yeye, na hapo akatambua kwamba katika ukumbi ule kuna mtu mmoja aliyekuwa akiijua hesabu hii vizuri tangu zamani.

Malkia akainua kidole. Alisema mgeni apewe swali moja kwanza, na akishinda, aachiliwe na sherehe ya Ijumaa iahirishwe. Waziri akainama. Swali alikuwa nalo tayari.

"Tuseme Malkia wetu amechoka," alisema, "na tunataka kumpunguzia mzigo. Tunaweza kumpa vipande vitatu vya mkate uliokatwa nane, au vipande viwili vya mkate uliokatwa tano. Mgeni atuambie ni ipi kubwa. Mimi nasema tatu ya nane. Tatu inaizidi mbili na nane inaizidi tano, kwa hiyo imeshinda juu na imeshinda chini."

Tatu alijua kwamba vipande vya nane ni vidogo kuliko vya tano, lakini hapa vilikuwa vitatu dhidi ya viwili. Udogo ulivuta huku na wingi ukavuta kule, na jicho peke yake halikutosha. Angeweza kubahatisha. Alimtazama yule binti kwenye kiti, ambaye shingo yake ilikuwa inashindwa kubeba kichwa, akaona hapa si mahali pa kubahatisha.

Aliomba sinia moja lenye mkate. Sheria haikukataza sinia moja. Akaketi sakafuni, akakunja mikono ya kanzu yake, akawa anasema na nafsi yake kama anavyofanya jikoni. Vipande vya nane na vipande vya tano havizungumzi lugha moja, alisema. Lazima vyote vivunjwe mpaka vifikie chembe ya aina moja. Nane mara tano ni arubaini. Akaukata mkate vipande nane, na kila kipande akakikata tena vitano vyembamba, na wale wajumbe walioona kwa mara ya kwanza mkono unaojua kisu walisahau kwamba wanamhukumu.

"Kila kipande cha nane kina chembe tano," alisema. "Vipande vitatu, kumi na tano." Akazihamisha kulia, moja moja, akihesabu. Akiwa kwenye sita, sauti ya Malkia ilijiunga naye. Kwenye kumi baadhi ya wajumbe walikuwa wanahesabu pia.

"Mkate huohuo ukikatwa tano, kila kipande kina chembe nane. Vipande viwili, kumi na sita." Akahesabu kushoto, na sasa ukumbi mzima ulikuwa unahesabu, wazee wa Arubaini wakipiga mapaja, wafungwa mlangoni wakiitikia kwa sauti zao nzito, Pandu amesimama juu ya kiti chake na kalamu sikioni. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano. Walipofika hapo walinyamaza wote, kwa sababu kushoto bado ilibaki kuwekwa chembe moja.

Tatu akaiweka.

"Mbili ya tano imezidi," alisema. "Kwa chembe moja."

Kelele iliyofuata Pandu aliiandika kwenye daftari kama "mjadala". Mjumbe mmoja wa Thelathini alimkumbatia adui yake wa miaka mingi na wote wawili wakadondoka taratibu, bila kuumia, kama kanga zinazoanguka kutoka kwenye kamba. Lakini Malkia hakuwa akiangalia kulia wala kushoto. Alikuwa akiangalia katikati ya sinia.

"Kumi na tano na kumi na sita ni thelathini na moja," alisema. "Pale zimebaki tisa. Ni za nani?"

Hakuna mtu wa Vipandeni aliyekuwa amewahi kuona mabaki yamekaa wazi mchana kweupe. Waziri alisema ni za Ghala.

"Na Ghala ni la nani?"

Waziri alisema ni la taifa.

"Twende tukalione," alisema Malkia.

*

Walikwenda wote, kwa mwendo wa waheshimiwa, jambo lililochukua sehemu kubwa ya asubuhi. Waziri alidai funguo zimepotea. Mfungwa mmoja aliuegemea mlango, na mlango ukafunguka. Ndani kulikuwa na mikate hadi darini, ya jana mbele, ya mwaka jana nyuma, migumu kama matofali. Katikati palikuwa na meza ndefu, na kwenye meza hiyo walikaa shemeji kumi na saba wa Waziri, kila mmoja na uvimbe wake wa heshima, wakipata chakula cha mchana. Kulingana na daftari la nchi wote walikuwa watu wa Arubaini.

Malkia hakukasirika, au kama alikasirika hakuwa na nguvu ya kuonyesha. Aliomba kiti. Kisha akafanya hesabu kwa sauti, na hii ilikuwa hesabu ndogo kuliko zote za siku ile. Kila mtu huokewa mkate mmoja kila siku. Kila mtu anapata kipande. Kwa hiyo, kama mabaki yasingekuja hapa, kila mtu angekula mkate mzima.

Ilizuka shida ya lugha. Walikuwa na jina la nusu, la robo, la sudusi, yaani sehemu ya sita, na la chembe ya elfu, lakini daraja la mtu anayekula mkate wote hawakuwa nalo, kwa sababu halijawahi kuwa na mtu. Wajumbe walijadiliana hapohapo mlangoni, midomo imejaa mikate ya Ghala. Mmoja alipendekeza Kamili, mwingine akapendekeza Mzima. Mzee wa Arubaini alipinga kwa uchungu kwamba daraja hilo kwa hesabu ni daraja la Moja, na moja ni ndogo kuliko mbili, hivyo wote wangekuwa chini ya wafungwa. Aliambiwa amalize kwanza kipande alichoshika. Alipokimaliza alisema hana pingamizi.

Waziri Mshangama aliuliza, kwa hadhi yote aliyobakiwa nayo, yeye atawekwa daraja gani. Baadhi walitaka apewe ile heshima ya Elfu aliyomwandalia mgeni, na ngoma zikaanza kutafutwa. Malkia alimgeukia Tatu.

"Unasemaje, Bi Tatu?"

Tatu alikiri baadaye kwamba alifikiri kidogo kabla ya kujibu, na kwamba si fikra zote zilikuwa nzuri. Alisema mtu anayejua hesabu asinyimwe chakula, bali atumikishwe hesabu. Apewe mkate wake mmoja kama wengine, na kila asubuhi asimame sokoni awafundishe watoto ipi ni kubwa, theluthi au robo, mpaka asiwepo mtoto wa kudanganyika. Waziri akaanza kazi Jumamosi. Inasemekana alikuwa mwalimu mzuri sana.

Ijumaa yenyewe haikuwa na sherehe. Tatu alioka tangu alfajiri pamoja na mke wa Pandu, na mchana mikate ikagawiwa mizima, mikubwa, inayofuka moshi, na watu waliibeba kwa mikono miwili wakiwa hawajui waishike vipi. Wengi waliketi palepale barabarani. Pandu alikula wake wote kwa mkupuo, mashavu wazi mbele ya watu.

Malkia aliletewa wa kwake kwenye chumba chake. Tatu alikaa karibu naye asije akala kwa pupa, akamvunjia kidogo kidogo, akimnywesha chai katikati. Alikula sehemu ya chini iliyoungua kwanza. Alipofika karibu na robo alisimama, akaweka mkono tumboni, akatazama kilichobaki kwa wasiwasi.

"Nimeshiba," alisema. "Sasa hiki kinakwenda wapi?"

"Hakiendi popote," alisema Tatu. "Kwetu tunafunika. Utakula ukisikia njaa, au kesho na chai."

"Kesho," alisema Malkia, kama mtu anayeonja neno.

Tatu akamletea kawa lililosukwa kwa ukindu mwekundu. Malkia aliufunika mkate mwenyewe, akalisogeza kawa mpaka likakaa sawasawa juu ya sinia. Kisha akainuka, akajishikilia ukuta, akaenda dirishani kuwaangalia watu wake wakila, na hakugeuka hata mara moja kutazama kama mkate bado upo.